Sura ya 7: Fedha ya Kahawa na Deni la Miezi 48

Kamachumu, mkoani Kagera, fedha ina majira yake. Kahawa huanza kuiva kuanzia Mei, uvunaji hushika kasi Juni na Julai, na kufikia Oktoba maganda ya mwisho yameshaanuliwa. Miezi mingine nyumba huendeshwa na mikungu ya ndizi, maharage, maziwa, mshahara kwa aliyeajiriwa katika hospitali ya Ndolage au shule za jirani, na kijana aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anayekumbuka kutuma chochote kwa simu. Matumizi makubwa hayasubiri kahawa. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita vikafuata 2022. Lakini sare, madaftari, nauli, vifaa vya bweni, na ada ya aliyempeleka mtoto shule binafsi, vyote hudaiwa mwezi ambao kahawa ingali kijani mtini. Ndipo watu wanapokopa.

Miezi sita baadaye kahawa inauzwa, na yule aliyekopa anajikuta na fedha nyingi mkononi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Deni bado lipo, limebakiza miaka miwili, pengine mitatu. Sura hii inamhusu mtu huyo na wiki hiyo. Je, amalize mkopo sasa, au aendelee kulipa kidogokidogo kama mkataba unavyosema na fedha ya kahawa aitie mahali pengine? Msimamo wangu nautoa mapema: mara nyingi amalize, au angalau apunguze deni kwa pigo moja kubwa, mradi mambo mawili matatu yamekaa sawa. Kabla ya hapo kuna jambo kubwa zaidi, nalo huamuliwa siku ya kukopa: kama mkopo wenyewe una njia ya kutoka.

Mkopo usio na njia ya kutoka unajulikana vizuri sana Kagera. Unaitwa butura. Mwenye fedha hupita mashambani kabla ya msimu, anaangalia mibuni, anakadiria mzigo ulioko mtini, anatoa fedha taslimu palepale. Msimu ukifika, kahawa ni yake. Serikali imeupiga marufuku mtindo huu, na kila mwaka viongozi wa mkoa na wilaya huukemea, lakini haujafa, kwa sababu shida inayouzaa haijafa. Mgonjwa akilazwa Februari, mwenye butura ndiye anayepatikana usiku huohuo bila fomu, bila mdhamini na bila picha mbili za pasipoti.

Wanaoulaumu husema bei, na wanasema kweli: kahawa ya butura hununuliwa kwa sehemu tu ya thamani itakayokuwa nayo sokoni. Mimi naona ubaya mwingine ambao hautajwi sana. Butura hailipiki mapema. Tuseme mkulima amepokea fedha Februari, na Aprili mwanawe anamtumia kiasi kilekile pamoja na nyongeza nzuri. Anakwenda kwa mwenye fedha na kumwambia, "Ndugu yangu, chukua chako na faida yako, uniachie kahawa yangu." Kwa nini akubali? Kwa hesabu zake yeye hakukopesha fedha, alinunua kahawa. Deni halina kiasi kinachoweza kuhesabiwa na kulipwa. Lina shamba na msimu. Bei ikipanda, deni nalo linapanda. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani mwezi Septemba, kiwango ambacho wakulima wetu hawakuwa wamekiona. Aliyekuwa ameuza maua kwa butura hakuonja faida hiyo. Riba aliyolipa mwaka huo, ikipigwa hesabu, hakuna benki nchini ingethubutu kuiandika kwenye karatasi.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba mkoa huu haukulala. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Bukoba, BNCU, kiliandikishwa mwaka 1950 ili mkulima asikabiliane na mnunuzi akiwa peke yake. Vyama vikuu vikavunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980, na chama kikuu cha ushirika cha Kagera cha leo, KCU, bado kinabeba mwaka 1990 katika jina lake. Hata hivyo ushirika ulikuwa na kasoro iliyoilisha butura: malipo ya awali mkulima alipofikisha kahawa, kisha kusubiri nyongeza hadi chama kiuze. Anayesubiri nyongeza hana cha kumpeleka mtoto shule. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipite kwenye vyama vya msingi, na baadaye minada ikasogezwa karibu na mkulima, malipo yakipitia kwenye akaunti. Ulipaji ukiwa wa haraka na wa mkupuo, mkulima anapata kitu ambacho butura humnyima: fedha nyingi kwa wakati mmoja, zenye uwezo wa kuua deni.

Wahaya wa mkoa huu tangu zamani wanajua kwamba kilichotoka kwa shida kinaweza kurudi kwa fedha. Ardhi ya ukoo ikiuzwa, mwana ukoo ana nafasi ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa. Kanuni hiyo ilifika hadi Mahakama Kuu Mwanza katika shauri lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya mwaka 1990. Mwanamke wa Kagera alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi, kwa shilingi 300,000, na ndugu wa kiume akataka mauzo yafutwe kwa kuwa aliyeuza ni mwanamke. Shauri hilo linakumbukwa, na linastahili kukumbukwa, kwa sababu jaji alikataa ubaguzi: mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Lakini hukumu ilisema jambo la pili ambalo wasomaji wengi hulipita. Ukoo ukitaka ardhi, uikomboe kwa kulipa bei ile iliyonunuliwa. Kiasi kinajulikana, njia iko wazi, na anayepokea hana hiari ya kudai zaidi. Ndivyo mkataba wowote wa deni unavyopaswa kuwa.

Sasa tuje kwenye mkopo ambao wasomaji wengi wa kitabu hiki wanao, ule wa mshahara. Tuseme mwalimu wa sekondari, mwenye kibanja cha urithi karibu na Kamachumu, amekopa shilingi 6,000,000 kumalizia nyumba. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani 1.5 kwa mwezi, na riba inapungua kadiri deni linavyopungua. Muda ni miezi 48. Rejesho lake linakuwa shilingi 176,250 kila mwezi. Akilipa hadi mwisho atakuwa ametoa 8,460,000. Riba peke yake ni 2,460,000.

Kiasi hicho hakigawanyiki sawasawa katika miezi 48, na hapa ndipo penye siri ya sura nzima. Mwezi wa kwanza anadaiwa milioni 6, na asilimia 1.5 ya milioni 6 ni shilingi 90,000. Kwa hiyo kati ya 176,250 alizokatwa, 90,000 ni riba na 86,250 tu ndizo zilizopunguza deni. Mwezi wa mwisho mambo yamegeuka: riba haifiki hata 3,000, karibu rejesho lote ni deni lenyewe. Benki haijamwibia. Riba hutozwa juu ya kile unachodaiwa, na mwanzoni unadaiwa kingi. Matokeo yake ni kwamba kulipa mapema kuna thamani kubwa mwanzoni, na thamani hiyo huyeyuka haraka.

Tazama. Akimaliza mkopo mara baada ya rejesho la 12, deni lililobaki ni kama 4,875,000. Akilipa yote, anaepuka riba ya takriban 1,470,000. Akingoja hadi rejesho la 24, nusu ya muda, deni ni kama 3,530,000, na riba anayoepuka imeshuka hadi laki saba hivi. Akingoja hadi rejesho la 36, anadaiwa kama 1,922,000 na anaokoa laki moja na tisini na kitu. Mwalimu anayesema "nimebakiza mwaka mmoja, ngoja nijikaze nimalize" anastahili pongezi kwa moyo wake, lakini sehemu kubwa ya riba ameshailipa. Yule mwenye miaka mitatu mbele yake, anayeona deni ni kubwa mno kuguswa, ndiye mwenye faida kubwa ya kuligusa.

Lakini nani Kamachumu ana 4,875,000 zikiwa zimekaa tu? Wachache. Wengi wana milioni moja ya kahawa, msimu ukiwa mzuri. Basi tuitumie hiyo. Baada ya rejesho la 12 mwalimu anapeleka 1,000,000 benki kwa ajili ya kupunguza deni. Deni linashuka hadi 3,875,000. Kutoka hapo kuna njia mbili, na afisa mikopo anaweza kuchagua kwa niaba yako usiposema. Njia ya kwanza, rejesho linabaki 176,250 na muda ndio unaofupishwa: badala ya miezi 36 iliyobaki, anamaliza kwa 27. Miezi tisa inafutika, na riba anayookoa inazidi laki sita. Njia ya pili, muda unabaki miezi 36 na rejesho ndilo linaloshuka, hadi kama 140,000. Hapo anaokoa laki tatu tu. Milioni ni ileile, siku ni ileile, faida ni nusu. Anayebanwa kila mwezi hadi anakopa chumvi dukani ana sababu halali ya kuchagua rejesho dogo. Asiyebanwa aombe muda upunguzwe, aombe kwa maandishi, na adai jedwali jipya la marejesho kabla hajaondoka kaunta.

Hesabu zote hizo zinasimama juu ya neno moja la mkataba: riba inapungua. Kuna mikopo ambayo riba yake haishuki. Inapigwa mara moja juu ya kiasi chote ulichokopa, inazidishwa kwa miezi yote, inajumlishwa, kisha inagawanywa. Mkopo uleule wa milioni 6, kwa asilimia ileile 1.5 kwa mwezi isiyoshuka, ungemgharimu mwalimu riba ya 4,320,000 na rejesho la 215,000. Namba kwenye bango ni moja, gharama imekaribia mara mbili. Jambo baya zaidi kwa mada yetu ni kwamba mkopeshaji wa aina hii anaweza kukuambia kuwa riba yote ilishaingia deni siku uliyosaini. Ukimaliza mwezi wa pili unalipa sawa na aliyemaliza mwezi wa mwisho. Hapo kulipa mapema hakukuokolei kitu ila usumbufu, na fedha yako ya kahawa ina kazi nyingine bora.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa mikopo, kabla hata ya kuuliza utapata kiasi gani, liwe hili: "Nikija kumaliza baada ya mwaka mmoja, nitalipa shilingi ngapi?" Usiridhike na "tutaangalia wakati huo". Akupe namba, aiandike. Namba hiyo inafichua yote: aina ya riba, ada ya kumaliza mapema kama ipo, na makato mengine yaliyojificha. Ada ya kumaliza mapema haimaanishi usilipe. Asilimia mbili tatu ya deni lililobaki, kwa mkopo wenye miaka mitatu mbele, bado inaweza kumezwa na riba unayoiepuka; kwa mkopo uliobakiza miezi mitano, pengine haimezwi. Piga hesabu, kalamu haigharimu. Uliza pia kuhusu bima ya mkopo uliyokatwa mwanzoni. Ulilipia miezi 48. Ukitoka mwezi wa 12, uliza kama sehemu ya bima inarudi. Wengine hurudisha, ila kwa anayeuliza tu.

Wale wakopeshaji wanaoitwa kausha damu ni habari nyingine, na jina walilopewa na watu linatosha kuwaeleza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa mikopo katika madaraja: benki za huduma ndogo, kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Daraja la pili, ndimo zilimo kampuni nyingi zinazokopesha dirishani mjini Bukoba na Muleba, lina ukomo uliowekwa na Benki Kuu wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata huo ni mzigo mzito, na wako wasio na leseni wanaotoza zaidi na kushika kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Deni la namna hii ukiwa nalo, hakuna mjadala wa msimu. Shilingi ya kwanza ya kahawa iende huko, hata kama umebakiza mkopo mkubwa zaidi wa benki. Watu wengi hufanya kinyume: wanalimaliza deni kubwa kwa kuwa jina lake linatisha, huku la laki tatu lenye riba kali likiendelea kunyonya. Utaratibu ufuate ukali wa riba. Ukubwa wa deni uje baadaye.

Mikopo ya simu ina tabia yake. M-Pawa ilipoanza 2014 ilizoesha Watanzania mkopo wa siku 30 wenye ada badala ya riba ya kila siku. Ada ikishakatwa mara moja, kumaliza siku ya tano au ya ishirini na tano hakubadilishi gharama. Kinachobadilika ni kiwango cha kukopa safari ijayo, na sina hakika kama kukuzwa kiwango cha kukopa ni zawadi. Huduma zile zinazokuvusha salio lisipotosha, zikitoza kila siku inayopita, hizo zilipwe kesho yake.

Kuna adui mmoja wa kulipa mapema ambaye huja akitabasamu: kutopu. Mwalimu amefika rejesho la 20, anapigiwa simu kwamba sasa anaweza kuongezewa. Mkopo mpya unalipa wa zamani, anapewa tofauti mkononi, na muda unaanza upya kutoka mwezi wa kwanza. Ile miezi ya mwanzo, ambamo nusu ya rejesho huliwa na riba, anairudia tena. Wapo watumishi waliofanya hivi kazini maisha yao yote, wakastaafu bila kuwahi kufika ile nusu ya pili ya mkopo ambapo rejesho huanza kuwa lao wenyewe. Kanuni ya kwamba mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara imewaokoa wengi wasizame kabisa, lakini kuna wanaoichukulia theluthi hiyo kama kibali cha kukopa hadi ukingoni. Nawaona vijana wanaoajiriwa leo wakiingia katika mzunguko huo mwaka wao wa pili wa kazi, na nasema kwa uchungu: aliyekataa kutopu mara moja ameshalipa mapema bila kwenda benki.

Sasa upande wa pili, maana nimesema mara nyingi, sikusema daima.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zilipasuka au kuanguka, Bukoba mjini na vijijini. Ilikuwa mwisho wa msimu wa kahawa. Fikiria kaya iliyokuwa imepeleka benki kila senti ya msimu wiki moja kabla. Deni limepungua, naam, lakini benki haikurudishii fedha uliyolipa kwa kuwa ukuta umeanguka. Ungelazimika kukopa tena, kwa haraka, na mkopo wa haraka una bei. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kabla ya kupeleka mkupuo wowote, nyumba ibaki na akiba ya matumizi ya miezi mitatu hivi, mahali inapofikika kwa siku moja. Anayetegemea kahawa na ndizi tu aongeze, maana mazao haya mawili yote yamewahi kupigwa na mnyauko katika mkoa huu ndani ya kumbukumbu za watu wazima walio hai.

Atasema mtu, sisi tuna watu. Ni kweli, na ukweli huo umepimwa. Mwaka 2000 watafiti walikaa Nyakatoke, kijiji cha Wahaya wilayani Bukoba, wakahoji kaya zote 119, wakirudi tena na tena, ili wajue nani humsaidia nani shida ikitokea. Walikuta mtandao mpana wa jamaa, majirani na vyama vya mazishi, wenye zawadi na mikopo isiyo na riba. Mtu akiugua, chakula cha nyumba yake hakikutetereka, kwa kuwa wenzake walimshika mkono. Matumizi yasiyo ya chakula ndiyo yaliyoyumba. Naisoma picha hiyo hivi: jamaa watakulisha, lakini hawataweza kulipa rejesho la benki kwa niaba yako, wala kuezeka paa. Akiba ni kwa ajili ya yale ambayo mkono wa jirani haufikii.

Kwa mikopo ya jamaa yenyewe, hesabu za riba hazina kazi. Shemeji aliyekukopesha laki mbili bila riba hapati hasara ukimrudishia Desemba badala ya Julai, kama alikuambia Desemba. Lakini mjue shemeji yako. Fedha ya kahawa haifichiki Kamachumu; siku mnada unapolipa, wilaya nzima inajua. Mdai wako akikuona unanunua bati huku yake umeikalia, umevunja kitu ambacho benki haina. Huyo alipwe mapema ingawa haikuokolei hata shilingi.

Ipo pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili, bila riba. Ilisitishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kimahesabu hakuna sababu ya kuiwahisha: shilingi isiyo na riba ikae kwako ifanye kazi hadi siku yake. Kinachonifanya nisite ni kwamba fedha hiyo huzunguka, na kikundi kingine kipo foleni. Kikundi kilichofanikiwa kikimaliza mapema hakipati faida, kinaitoa kwa wenzao, na mimi nakiheshimu kuliko ninavyoweza kueleza kwa namba.

Na shamba? Kuna milioni inayozaa zaidi ikiwa shambani kuliko ikiwa benki. Mibuni iliyozeeka ikikatwa na kuchipuzwa, au miche bora ikipandwa mahali pa iliyokufa, huleta mavuno baada ya miaka michache na kuendelea kwa miaka mingi. Mkopo wenye asilimia 18 unakupa faida ya uhakika ya asilimia 18 ukiulipa. Je, shamba linakupa zaidi, ukihesabu jua, wadudu na bei? Mwaka kama 2024 linaweza. Miaka mingi ya nyuma halikuweza. Mimi ningegawa: sehemu kubwa kwa deni, sehemu kwa miche. Anayelijua shamba lake kuliko mimi agawe vingine. Ila fedha isiyo na kazi maalumu, ile inayobaki kwenye akaunti ya kawaida ikipata riba ya asilimia mbili tatu huku mwenyewe akilipa 18 kwa benki hiyohiyo, hiyo haina utetezi.

Ukishaamua, fanya mambo haya kwa mpangilio, maana wengi wameumia kwenye hatua za mwisho. Soma kwanza mkataba, kifungu cha kulipa kabla ya muda. Andika barua ukiomba taarifa ya kiasi cha kumaliza mkopo kwa tarehe uliyoitaja. Taarifa hiyo ina siku za kuishi, ukichelewa riba inaongezeka na namba inabadilika. Lipa kwenye akaunti ya mkopo, si kwa mkono wa mtu, na stakabadhi usiitupe. Fedha ikitua, hakikisha imepokewa kama malipo ya kupunguza au kumaliza deni. Ikikaa tu kwenye akaunti yako ya mshahara itakuwa inasubiri kukatwa rejesho la mwezi ujao, nawe unadhani umemaliza. Kisha dai barua inayosema hudaiwi. Kama uliweka hati, iwe ya mjini au hakimiliki ya kimila ya kibanja, dai hati yenyewe mkononi pamoja na uthibitisho kwamba rehani imeondolewa mahali iliposajiliwa. Waambie wadhamini wako kwa jina, mmoja mmoja, kwamba wako huru. Katika SACCOS mdhamini aliyefungwa na mkopo wako huenda amekosa mkopo wake mwenyewe kwa miezi yote hiyo.

Kwa mtumishi wa umma kuna jambo moja zaidi. Makato hutoka kwenye mfumo wa mishahara, nao haujui kwamba umelipa hadi uambiwe. Peleka nakala ya barua ya kumaliza mkopo kwa afisa utumishi mapema, kabla orodha ya mishahara ya mwezi haijafungwa. Mwezi unaofuata fungua slipu yako ya mshahara usome mstari wa makato. Ukikuta rejesho limekatwa tena, fedha hiyo ni yako: andika siku hiyohiyo kudai irudishwe, ambatisha slipu na barua, na endelea kufungua slipu kila mwezi hadi mstari huo uondoke na kilichokatwa kimerudi.